Bwana Shamba Ajibu: Dawa za Magugu na Palizi Isiyotegemea Dawa

Tangu mvua zilipoanza, sehemu kubwa ya barua zinazofika katika safu hii zinahusu magugu na dawa za kuyaua. Wapo wanaouliza dawa ipi inunuliwe, wapo wanaoeleza hasara waliyoipata baada ya kupuliza, na wapo wasiotaka kabisa kuisikia. Tumechagua barua nane na kuzifupisha bila kubadili maana. Majina ya waandishi tumeyaacha, tukataja mahali tu.

Bwana Shamba, nimepanda mahindi na maharage katika shamba moja. Muuza pembejeo aliniambia kuwa 2,4-D haiui mahindi, nami nikapuliza. Mahindi yako salama, lakini maharage yamejikunja, mashina yamepinda na majani mapya yanatoka membamba. Je, nikiyapa mbolea ya maji yatapona? (Mbozi)

Muuza pembejeo alikuambia kweli kuhusu mahindi, ila hakukuuliza kama kuna zao jingine shambani, nawe hukumwambia. Dawa ya 2,4-D huiga homoni inayoongoza ukuaji wa mmea. Mimea ya jamii ya nyasi, kama mahindi, mtama na ngano, huistahimili ikipulizwa katika umri unaofaa, lakini mimea yenye majani mapana huvurugika, ikakua ovyo, ikajipinda na hatimaye kufa. Kwa dawa hiyo, haragwe ni jani pana sawa na magugu mengine. Mbolea ya maji haitaiondoa. Miche iliyopatwa kidogo huweza kuendelea kukua ikazaa kwa upungufu. Iliyopinda shina haina matumaini, na majani yake yasichumwe kuwa mboga.

Kabla ya kununua dawa yoyote ya magugu, jiulize inaua kundi gani la mimea na inaacha kundi gani. Glaifoseti haichagui, huua karibu kila mmea wa kijani unaoguswa nayo, ndiyo maana hupulizwa kabla ya kupanda. Atrazini mahindi huistahimili kwa sababu mmea wa mahindi una uwezo wa kuivunja ndani ya mwili wake, lakini haragwe halina uwezo huo, na tena dawa hiyo hukaa udongoni kiasi cha kuweza kudhuru maharage yatakayopandwa baadaye. (Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya kukutwa katika maji ya chini ya ardhi.) Zipo dawa chache za kupuliza udongoni kabla ya mimea kuota ambazo mahindi na maharage huzivumilia, kwa mfano zenye S-metolakloro, lakini usinunue mpaka uone lebo imeyataja mazao yote mawili kwa jina.

Jambo la mwisho kwako: bomba la kupulizia lililobeba 2,4-D hubaki na masalia hata baada ya kusuuzwa mara moja, na nyanya, pamba na maharage huonyesha madhara kwa kiasi kidogo sana. Ukiweza, tenga bomba la dawa za magugu, na lile la dawa za wadudu liwe jingine.

Napuliza glaifoseti kwenye ndago kila msimu. Inanyauka, kisha inarudi. Nilianza na vifuniko viwili vya chupa kwa bomba, sasa natia vinne. Maji nachota bwawani. Je, dawa za siku hizi ni feki? (Mkuranga)

Dawa feki zipo, na unapaswa kukagua namba ya usajili na lakiri ya chupa. Kwa Tanzania usajili uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kwa Kenya chini ya bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Hata hivyo, katika barua yako naona sababu tatu ambazo zingekuangusha hata kama chupa ingekuwa halali.

Ya kwanza ni maji ya bwawa. Glaifoseti hushikana kwa nguvu na chembe za mfinyanzi, na ikishashikwa hivyo haifanyi kazi tena. Maji yakiwa na tope, unaiua dawa ndani ya bomba kabla haijaligusa gugu. Hali ni hiyo hiyo kwa majani yaliyojaa vumbi. Tumia maji safi, na usipulize mvua ikiwa karibu. Dawa inahitaji saa kadhaa kuingia ndani ya jani.

Ya pili ni maumbile ya ndago. Chini ya jani moja kuna mnyororo wa viazi vidogo, na vingi kati ya hivyo vimelala. Dawa husafiri kutoka kwenye jani hadi kwenye kiazi kilichochipua, lakini vilivyolala huvifikia kidogo au haivifikii kabisa, navyo huamka baadaye. Kupuliza ndago ikiwa changa mno, yenye majani mawili au matatu, ni kupoteza fedha. Isubiri iwe na majani ya kutosha lakini isiwe imechanua, kisha rudia pale itakapochipua upya.

Ya tatu ni vifuniko. Kifuniko si kipimo, kwa kuwa hujui bomba moja linafunika eneo gani. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, tia maji matupu yenye kipimo kinachojulikana, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2 kwa mita za mraba 100. Hizo ni lita 200 kwa hekta, au takribani lita 80 kwa ekari, yaani mabomba 5 ya lita 16. Kama lebo inataka lita 3 za dawa kwa hekta, ekari moja itahitaji karibu lita 1.2, na kila bomba litapata mililita 240. Namba zako zitatofautiana na hizi kwa sababu mwendo na nozeli hutofautiana, ila hesabu ni ile ile. Kipimo kikiwa pungufu, magugu yenye ustahimilivu ndiyo hubaki kuzaa mbegu. Duniani kumekwisha kuthibitishwa zaidi ya aina 50 za magugu yasiyokufa kwa glaifoseti, na ya kwanza iliripotiwa Australia mwaka 1996.

Bila dawa, ndago ina udhaifu wa aina mbili. Viazi vyake havivumilii kukaushwa, kwa hiyo shamba likilimwa mwanzoni mwa kiangazi na kuachwa lichomwe na jua, kisha likageuzwa tena, vingi hufa. Ukilima udongo ukiwa na unyevu, kinyume chake, unavikata vipande na kuvisambaza. Pia haipendi kivuli. Viazi vitamu, kunde au fiwi zilizofunga vizuri huidumaza. Wanaofikiria kutandika plastiki wajue kwamba ndago huitoboa.

Nimeona watu mitandaoni wakisema chumvi na siki huua magugu bila sumu. Ni kweli? (Kilifi)

Siki huunguza majani ya juu ya magugu machanga, na mizizi hubaki. Kwa kijia cha kuingilia nyumbani inaweza kutosha. Chumvi huua magugu kweli, na huua pia uwezo wa udongo kuotesha kitu kingine. Wewe uko pwani, ambako wakulima wa karibu na bahari wanahangaika na chumvi inayopanda yenyewe. Usiipeleke shambani kwa mkono wako.

Shikamoo Bwana Shamba. Jirani yangu amepuliza dawa shambani kwake, na sisi tumezoea kuchuma mnafu, mchicha pori na mgagani humo, na mbuzi hupita kula. Tusubiri siku ngapi? (Arumeru)

Marahaba, mama. Kwa mboga, msisubiri. Msichume kabisa msimu huu katika eneo lililopulizwa. Muda wa kusubiri unaoandikwa kwenye lebo umepimwa kwa zao lililotajwa, yaani mahindi au kahawa, wala haukupimwa kwa mnafu uliopigwa dawa kwenye jani lenyewe. Majani hayo ndiyo yaliyokusudiwa kupokea dawa nyingi kuliko kitu kingine chochote shambani.

Kwa mbuzi, mwombeni jirani awaonyeshe chupa, kwa sababu baadhi ya lebo hutaja siku za kuzuia mifugo na siku hizo hutofautiana kati ya dawa na dawa. Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana: baadhi ya magugu yenye sumu ya asili, ambayo mnyama huyakwepa yakiwa mabichi, huwa matamu kwake yanapoanza kunyauka baada ya kupulizwa 2,4-D. Wafungeni mpaka majani yakauke kabisa.

Barua yako imenifanya nitoe neno moja kwa wauza pembejeo na hata kwa maofisa ugani wenzangu. Tunapohesabu faida ya dawa ya magugu, huandika gharama ya palizi iliyookolewa na kuacha nje mboga za familia zilizopotea. Kaya nyingi hupata mboga za majani bila kununua katika wiki zile za mvua, wakati ghala ni tupu, na anayezichuma mara nyingi hakuulizwa kabla ya bomba kujazwa. Jirani yenu angeweza kuacha kipande cha pembeni bila kupulizwa, na hata kukitunza kama bustani. Mgagani na mnafu huuzika vizuri sokoni.

Nasikia glaifoseti inasababisha saratani na kwamba mahakama za Marekani zimeamua hivyo. Mbona bado inauzwa? Nimeitumia miaka mingi. (Nakuru)

Swali hili limeletwa na wengi, na linahitaji kutenganishwa vipande.

Uwezo wa glaifoseti kuua magugu uligunduliwa mwaka 1970 na mkemia John Franz wa kampuni ya Monsanto, na ikaanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Huzuia kimeng'enya ambacho mimea hukitumia kutengeneza baadhi ya asidi za amino. Binadamu hana kimeng'enya hicho, na hii ndiyo sababu ilinadiwa kwa muda mrefu kuwa salama. Mwezi Machi 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi 2A, yaani vitu ambavyo yaelekea vinaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi kwa wanyama lilisema unatosha, kwa binadamu likasema ni mdogo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka huo huo kwamba haielekei kuwa na hatari hiyo, na mwaka 2023 Umoja huo ukaongeza kibali chake kwa miaka 10. Vyombo hivi viwili havikujibu swali moja. IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kudhuru, pasipo kujali kiasi. Katika kundi lile lile la 2A imo pia nyama nyekundu. Wadhibiti huuliza kama kwa kiasi kinachotumika madhara yanatarajiwa.

Kuhusu mahakama, mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama mjini San Francisco liliamuru mtunza viwanja wa shule alipwe dola milioni 289, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa sana. Kampuni ya Bayer, iliyoinunua Monsanto mwaka huo huo, ilitangaza mwaka 2020 kutenga zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza madai ya namna hiyo, bila kukiri kosa. Hukumu ya mahakama haigeuki kuwa ugunduzi wa sayansi, lakini mtu ambaye amekuwa akichanganya dawa hiyo kwa mikono mitupu hana sababu ya kusubiri wataalamu wakubaliane ndipo avae glavu. Dawa nyingi huingia mwilini wakati wa kupima na kumimina ile iliyo nzito, kabla hata hujaingia shambani. Glavu za mpira, buti, suruali ndefu inayofunika buti kwa nje, kinga ya macho, na kutopuliza ukielekea upepo: hayo yanapunguza hatari kwa kiwango unachoweza kukitawala leo.

Kama ni hofu, ningependa ielekezwe kwanza kwenye parakwati. Dawa hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, huunguza majani kwa saa chache na wengi huipenda kwa sababu matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo. Haina kiuasumu. Funda moja likimezwa laweza kuua mtu mzima, na mara nyingi si papo hapo. Mapafu huharibika taratibu kwa siku au wiki huku mgonjwa akiwa na akili zake timamu. Umoja wa Ulaya umeizuia tangu mwaka 2007, lakini kiwanda cha Huddersfield nchini Uingereza kiliendelea kwa miaka mingi kuitengeneza kwa ajili ya kuiuza nchi za nje, jambo ambalo mimi naliona ni aibu. Ukiikuta dukani, iache. Kama iko nyumbani, isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, maana watoto na wazee ndio hunywa kwa makosa, na hakuna daktari atakayeweza kuirudisha nyuma.

Shamba langu limejaa kayongo. Mahindi yanadumaa na kugeuka manjano hata mvua ikiwa nzuri. Nimepuliza dawa mbili tofauti, maua yale ya zambarau yanakufa lakini mavuno hayaongezeki. (Busia, Kenya)

Pole sana. Gugu hilo, ambalo Tanzania hujulikana kama kiduha, halishindani na mahindi kwa nafasi au mwanga kama magugu mengine, ni kimelea. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni na inaweza kuishi zaidi ya miaka 10 ikisubiri harufu ya mzizi wa mahindi, mtama, uwele au mpunga wa nchi kavu. Ikiisikia huota, hujishikiza kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Wiki kadhaa hupita kabla hujaona chochote juu ya ardhi. Kwa hiyo unapopuliza ua la zambarau, madhara ya msimu huo yamekwisha kufanyika, na faida pekee uliyoipata ni kuzuia mbegu mpya. Faida hiyo si ndogo, kwa kuwa mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, lakini ungeipata pia kwa kung'oa kabla haujafunga mbegu na kuchoma moto ulichong'oa.

Karibu nawe, Mbita kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, ndiko lilikopatikana jawabu ambalo mimi nalihesabu kuwa bora kuliko mengine yote yaliyowahi kutoka katika utafiti wa magugu kwenye ukanda wetu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan na wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kudhibiti funza wa mabua. Walipanda kati ya mistari ya mahindi mimea ambayo harufu yake huwafukuza nondo wa funza hao, na pembezoni mwa shamba wakapanda nyasi zinazowavuta. Njia hiyo wakulima huiita sukuma-vuta. Mmoja wa mimea ya katikati ulikuwa desmodiamu, jamii ya mikunde inayotambaa, na palipokuwa na desmodiamu kayongo ilitoweka. Uchunguzi ulionyesha kwamba mizizi yake hutoa kemikali zinazoichochea mbegu ya kayongo kuota na nyingine zinazoizuia isijishikize kwenye mzizi wa mahindi. Mbegu iliyoota bila kupata wa kumnyonya hufa. Hivyo akiba iliyo udongoni hupungua mwaka hadi mwaka, kazi ambayo dawa ya kupuliza haiwezi kuifanya.

Utaratibu wake ni huu. Panda mahindi kwa mistari ya sentimita 75, na kati ya kila mistari miwili chora mfereji mwembamba wa desmodiamu, mbegu zake zikiwa zimechanganywa na mchanga laini na kufukiwa kwa kina kidogo sana, kisichozidi sentimita 2. Kuzunguka shamba panda mistari mitatu ya nyasi ya nepia, ambayo wengine huiita mabingobingo, au brakaria kwa maeneo yenye mvua chache. Maharage unaweza kuyapanda ndani ya mstari wa mahindi. Desmodiamu hudumu kwa miaka, hivyo msimu unaofuata hulimi shamba lote. Unaikata, unalisha ng'ombe, na unapanda mahindi katika nafasi zile zile. Huongeza pia naitrojeni udongoni, na mashamba ya namna hii yameonekana kushambuliwa kidogo zaidi na viwavijeshi vamizi.

Sasa niseme yale ambayo vipeperushi hupita haraka. Desmodiamu huota polepole, na katika msimu wa kwanza inahitaji palizi mbili za uangalifu, sehemu nyingine kwa mkono, kwa sababu asiyeijua huipalilia kama gugu. Mbegu ni ghali na si kila duka huwa nayo. Mwenye jirani mwenye shamba kama hilo aombe vikonyo, maana hushika vikipandwa mvua ikiwa ya kutosha. Faida kubwa hupatikana kwa mwenye ng'ombe au mbuzi wa maziwa, au mnunuzi wa malisho. Na pale ambapo mifugo ya kijiji huachiwa huru baada ya mavuno, desmodiamu yako itakuwa kitoweo chao cha kwanza wakati wa kiangazi. Bila uzio au makubaliano na majirani usianze na eneo kubwa.

Ukiwa bado unajiandaa, zungusha mazao. Soya, kunde na pamba huichochea kayongo kuota bila kuilisha. Samadi nayo husaidia, kwani kayongo hustawi zaidi katika ardhi iliyochoka. Kuna pia mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya imazapiri, ambazo Kenya zimejulikana kwa jina la Ua Kayongo; hiyo ni dawa ya magugu, lakini hutumika kwa kiasi kidogo mno na mahali pale pale kimelea kinapoanzia. Ukizitumia, nawa mikono kabla ya kushika mbegu nyingine yoyote, la sivyo maharage yako hayataota.

Tunalima mpunga kwa umwagiliaji. Vibarua wa palizi wamekuwa adimu, na dawa haziui mpunga mwitu. (Mvomero)

Dawa inayouacha mpunga wako itauacha na ndugu yake. Hiyo ndiyo shida ya mpunga mwitu, na suluhisho lake liko katika mbegu safi, kung'oa kabla haujapukutisha, na kubadili zao pale maji yanaporuhusu.

Kwa magugu mengine, hamko mbali na Mkindo, mojawapo ya skimu zilizojaribu mapema kilimo shadidi, mfumo uliobuniwa Madagaska katika miaka ya 1980 na padri Mfaransa, Henri de Laulanié. Miche hupandwa ikiwa michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, na palizi hufanywa kwa kipalizi cha kusukuma chenye magurudumu ya meno. Kwa kuwa jaruba halifurikishwi muda wote, magugu huota mengi kuliko kawaida, na anayeanza bila kipalizi hujuta. Pitisha ya kwanza takribani siku 10 baada ya kupandikiza, kukiwa na maji kidogo tu, kisha rudia kila baada ya siku 10 hadi mpunga ufunge. Mistari ikipinda, mashine itakata mpunga. Kamba yenye mafundo ya sentimita 25 ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya mashine yenyewe.

Shikamoo. Tuna ekari nne za mahindi. Mume wangu anataka tununue dawa. Mimi naiogopa kwa sababu ya watoto. Lakini mpaliliaji ni mimi na watoto hao hao, na kila mwaka ekari ya nne tunaifikia magugu yamekwisha kuyapita mahindi. Nani yuko sahihi? (Maswa)

Marahaba, mama. Mume wako yuko sahihi kwamba jembe la mkono limeshindwa na ekari nne, nawe uko sahihi kuhusu watoto. Mahindi hupata hasara kubwa katika wiki za mwanzo, tangu wiki ya pili au ya tatu hadi yanapofikisha majani manane hivi. Magugu yanayokuja baada ya hapo hupunguza mavuno kidogo tu. Ekari mnayoifikia wiki ya sita imekwisha kupoteza mnachokwenda kukiokoa, na jasho lenu la siku zile halirudi kama mahindi.

Mko Usukumani, na maksai wapo. Wengi hulima kwa plau kisha wakapanda ovyo, na hapo maksai hawawezi kurudi shambani. Pandeni kwa mistari ya sentimita 75 hadi 80, na mwenye maksai aliyewalimia apite tena na jembe la palizi katika wiki ya pili au ya tatu, ng'ombe wakiwa wamefungwa midomo, halafu mara ya pili kabla mahindi hayajarefuka. Kazi ya mkono itabaki kwenye mstari tu, kati ya shina na shina, na hiyo ni sehemu ndogo ya shamba. Kunde au maboga yakipandwa baada ya palizi ya kwanza yatafunika nafasi iliyobaki, ila mkiyapanda, maksai wasipite tena upande huo.

Kama bado anataka dawa, basi iwe kwa ekari moja, mara moja, kabla ya kupanda, ikipulizwa na mtu mzima aliyevaa kinga, watoto wakiwa mbali na chupa ikitobolewa baada ya kusuuzwa mara tatu. Na mnapolinganisha bei ya dawa na bei ya maksai, mwambie aandike pia siku zako na za watoto, kwa ujira ule ule ambao angemlipa kibarua. Kwa msimu huu, ikiwa ekari ya nne imekwisha kupita kimo cha goti, msiipalilie yote. Safisheni mistari ya mahindi tu, na yale magugu ya katikati yakatwe kwa fyekeo kabla hayajapukutisha mbegu.